Nchi Iko Tayari kwa Kiasi Gani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Forodha na Mipaka

Barua za toleo hili zote zinahusu jambo moja: nchi itajipimaje kabla ya kutangaza kwamba imerahisisha forodha na biashara ya mipakani? Tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu imetakiwa kupeleka mjumbe kwenye kikao cha kutathmini utayari wa nchi kutekeleza Mkataba wa Uwezeshaji Biashara. Fomu niliyopewa inataka niweke alama kwa kila kifungu: tunatekeleza, tunatekeleza kwa sehemu, au hatutekelezi. Sheria tunazo, lakini mpakani mambo ni mengine. Niandike lipi? (Afisa biashara, Mkoa wa Songwe)

JIBU: Andika yote mawili, ila alama iifuate hali ya mpakani. Sheria ambayo haijafika kwenye kaunta anakohudumiwa dereva haistahili zaidi ya "kwa sehemu", na kwenye safu ya maelezo useme waziwazi pengo liko wapi. Najua ushauri huu hautakupatia marafiki kikaoni, kwa kuwa kila taasisi huja imejiandaa kulinda jina lake.

Tuanze na mkataba wenyewe, maana wengi huitwa kuujazia fomu bila kuelezwa umetoka wapi. Ulikubaliwa na wanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) mjini Bali, Indonesia, Desemba 2013, ukaanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, siku ambayo hati za kuridhia za Rwanda, Oman, Chad na Jordan zilitimiza theluthi mbili ya wanachama iliyokuwa ikihitajika. Upekee wake ni kwamba nchi inayoendelea hujipangia yenyewe ratiba. Hatua inazoweza kuzitekeleza mara moja huziweka Kundi A. Zile zinazohitaji muda zaidi huziweka Kundi B. Na zile zinazohitaji muda pamoja na msaada wa fedha au utaalamu huziweka Kundi C. Hakuna mkaguzi anayekuja kutoka Geneva, makao makuu ya WTO, kukuwekea alama. Fomu uliyo nayo ndiyo inayozaa orodha hizo, na orodha zikishapelekwa WTO zinakuwa ahadi.

Hapo ndipo penye vishawishi viwili. Kishawishi cha kwanza ni kujaza Kundi A kwa wingi ili nchi ionekane imeendelea. Cha pili ni kurundika mambo Kundi C kwa kutumaini kwamba wafadhili watakuja na mabegi ya fedha, hata kwa jambo ambalo waraka mmoja wa katibu mkuu ungelimaliza. Vyote viwili vina gharama. Nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, zilipewa miaka 6 tangu mkataba uanze kutumika kabla ya kuweza kushitakiwa kwa hatua za Kundi A. Miaka hiyo ilikwisha Februari 2023. Aliyejaza Kundi A kwa kujisifu, leo ahadi yake inadaiwa. Naye aliyejaza Kundi C kwa kutegea atangoja mfadhili huku mfanyabiashara wake akingoja pamoja naye.

Sasa namna ya kuweka alama. Chukua kifungu kimoja kimoja na ukigeuze kiwe jaribio la mtu wa kawaida. Ibara ya 1 inataka taratibu, ada na fomu zitangazwe, na zipatikane kwenye intaneti. Usiulize kama kanuni zimo kwenye Gazeti la Serikali. Mpe mtu asiye mtumishi wa serikali simu yake ya mkononi, umwambie atafute ni vibali gani na ada gani zinahitajika kuvusha tani 10 za maharage kwenda nchi jirani. Akipata taarifa kamili, na zikalingana na zile zinazotozwa mpakani siku hiyo, hatua hiyo mnaitekeleza. Akipata fomu ya miaka mitatu iliyopita na namba ya simu isiyopokelewa, hamuitekelezi, hata kama tovuti inapendeza. Kwa Ibara ya 7 inayohusu kushughulikia nyaraka kabla mzigo haujafika, omba kadhia, yaani matamko ya mizigo yanayopelekwa forodha, za mwezi uliopita uangalie ni ngapi zilipelekwa mapema na, kati ya hizo, ni ngapi mzigo wake uliondoka mapema kuliko ya wengine. Mahali pengi utakuta nyaraka zinapokelewa mapema kama sheria inavyosema, kisha zinakaa hadi lori lifike.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni utafiti wa muda wa kutoa mizigo, ambao mkataba wenyewe unauhimiza na ambao Shirika la Forodha Duniani limeutolea mwongozo. Siku kadhaa zinatengwa, na kila mzigo unaofika unafuatwa kwa saa: ulifika lini, kadhia iliwasilishwa lini, kodi ililipwa lini, nani aliukagua na kwa muda gani, ulitolewa lini, na ulitoka getini lini. Uzuri wake ni kwamba hauhukumu idara moja. Mara nyingi unaonyesha kwamba saa za forodha yenyewe si nyingi, na kwamba muda mrefu umepotea kabla kadhia haijawasilishwa, ambako lawama ni ya wakala au mwenye mzigo, au kwenye taasisi nyingine inayongoja majibu ya maabara.

Matokeo ya utafiti huo nayo yasomwe kwa uangalifu. Tuseme kwa mfano malori 10 yamepita. 9 yametoka baada ya saa 3 kila moja, na moja limekaa saa 73. Wastani ni saa 10, nao haulielezi lori hata moja kati ya hayo. Ukiripoti wastani peke yake, wakubwa watadhani mpaka wote ni mzito na wataagiza kompyuta mpya, ilhali kinachohitajika ni kujua lile moja lilikamatwa na nani na kwa sababu gani.

Jambo la mwisho ambalo fomu nyingi husahau: kandoni mwa kila pengo andika nani mwenye uwezo wa kulitatua. Yako mapengo ambayo mkuu wa kituo anaweza kuyaziba kesho, yako yanayohitaji kanuni ya waziri, na yako ambayo nchi peke yake haiwezi kuyagusa, kwa sababu sheria yetu ya forodha ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na marekebisho yake hupitia Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Nimesoma ripoti ambazo mapengo ya aina hizo tatu yamewekwa kwenye kapu moja na kupewa tarehe moja ya utekelezaji. Ripoti ya namna hiyo haina wa kuulizwa.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara, napeleka vitunguu kutoka Karatu hadi Nairobi kupitia Namanga. Mzigo wangu si mkubwa. Tulielezwa kwamba ndani ya Jumuiya hakuna ushuru na kwamba wafanyabiashara wadogo wana cheti chao chepesi. Mbona bado naambiwa karatasi hii haitoshi na ile haitoshi, hadi vitunguu vinaanza kuchipua kwenye magunia? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Pole sana, mama. Uliyoelezwa ni kweli, ila aliyekuelezea aliishia nusu. Cheti chepesi cha uasili wa bidhaa hutolewa na forodha pale pale mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kazi yake ni moja: kuthibitisha kwamba hudaiwi ushuru wa forodha. Hakigusi afya ya mimea. Vitunguu ni mazao, kwa hiyo upande wa Tanzania utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na upande wa Kenya mamlaka kama hiyo, KEPHIS, ina masharti yake ya kuingiza mazao. Anayefika Namanga na cheti cha uasili peke yake ana karatasi moja kati ya kadhaa, na afisa wa mimea anapomzuia hajakiuka utaratibu wa cheti chepesi.

Hata hivyo malalamiko yako yana uzito, kwa kuwa mkataba tuliouzungumzia hapo juu una kifungu maalumu kuhusu bidhaa zinazoharibika haraka. Nchi inatakiwa izitoe kwa muda mfupi iwezekanavyo, izipe kipaumbele zinapopangiwa ukaguzi, na pale inapofaa izitoe hata nje ya saa za kazi. Anayetathmini utayari wa Namanga anapaswa kusimama pale jioni, afisa wa mimea anapojiandaa kwenda nyumbani, na kuuliza: gunia la vitunguu lililofika saa kumi na moja na nusu litahudumiwa na nani, na likilala, litalala kwenye kivuli au juani?

Tena suala lako linafanana na lililotokea kwenye mahindi mwaka 2021. Mapema Machi mwaka huo Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini). Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti kinachothibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakati huo kituo cha pamoja cha Namanga kilikuwa kimekwisha kuzinduliwa tangu Desemba 2018, chenye majengo mazuri na maafisa wa nchi zote mbili, lakini hakikuwa na namna ya kumsaidia mwenye lori la mahindi lililogeuziwa kichwa. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kiwango cha 10 hakikuwa kigeni. Kilikuwa tayari ndicho kiwango cha Jumuiya kwa punje za mahindi. Nchi zilikubaliana namba. Hazikuwa zimefika mahali pa kuaminiana cheti, yaani maabara ya upande mmoja ipime na upande wa pili ukubali bila kupima upya. Kwa mfanyabiashara wa mazao huo ndio utayari wenyewe, na sijaona fomu ya tathmini inayoupa uzito unaostahili. Wanaojaza fomu hizo wengi ni watu wa forodha na wizara ya biashara, wakati maabara ziko chini ya wizara nyingine.

Kwa safari yako ijayo, pata cheti cha afya ya mimea kabla hujapakia, na umuulize mnunuzi wako wa Nairobi kama kibali cha upande wake kiko tayari, kwa sababu hicho huombwa kule.

SWALI: Nina kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Jengo la pamoja tumejengewa na marais wakalizindua, lakini foleni ya malori bado inafika mbali. Tatizo liko wapi? (Wakala, Tunduma)

JIBU: Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Wazo lake lilikuwa limeshajaribiwa Chirundu, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako kituo cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika kilifunguliwa Desemba 2009: lori linasimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maafisa wa nchi linayotoka wanakuwa humo humo. Ili hilo liwezekane inatakiwa sheria inayomruhusu afisa wa nchi moja kufanya kazi yake, hata kukamata mzigo, akiwa kwenye ardhi ya nchi nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ilifanyika. Jengo halina kosa.

Foleni inatokana na mambo ambayo jengo haliwezi kuyabadili. La kwanza ni saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo ikiwa saa mbili asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa moja. Zamu zikipangwa kila upande kwa saa yake bila kuoanishwa, kila asubuhi na kila jioni kuna saa nzima ambayo dirisha moja limefunguliwa na la pili halina mtu. Na huwezi kumaliza kadhia kwa dirisha moja. Kulirekebisha hakuhitaji mkopo wala mfadhili. Kunahitaji wakuu wawili wa vituo na karatasi ya zamu.

La pili ni mifumo ya kompyuta. Zambia hutumia ASYCUDA World, nasi tumekuwa na TANCIS yetu. Mifumo isipopeana taarifa, maelezo yale yale ya mzigo huandikwa upya upande wa pili, na kila anayeandika upya anaweza kukosea namba ya kontena au uzito, kisha mzigo unasimama mpaka kosa lisahihishwe. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hali ni nafuu kwa sababu tangu 2014 tuna Himaya Moja ya Forodha, ambapo kodi ya mzigo unaokwenda nchi mwanachama hulipwa kabla haujaondoka bandarini. Zambia haimo kwenye Jumuiya. Iko COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika; nasi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC. Mpaka wenu kwa hiyo hauna sheria moja ya forodha kama ilivyo Rusumo au Mutukula, na yeyote anayepima utayari wa Tunduma kwa kigezo cha Rusumo anapima kitu kingine. Ukizingatia kwamba hapo ndipo inapopita shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, makubaliano ya kubadilishana taarifa kati ya mamlaka mbili za mapato yangestahili kutangulia upanuzi wowote wa maegesho.

La tatu utanisamehe, maana linawahusu ninyi mawakala. Malori mengi yanayoonekana kwenye foleni hayangoji afisa. Yanangoja kadhia ambayo haijawasilishwa, au fedha za kodi ambazo mwenye mzigo hajazituma, na dereva ameegesha barabarani kwa sababu hakuna mahali pengine. Chama chenu kinaweza kuhesabu hayo chenyewe kwa wiki mbili, lori kwa lori, bila kungoja mradi. Mkienda kwa meneja wa kituo na hesabu hiyo mkononi, yakiwamo makosa yenu, mtasikilizwa kuliko mkienda na malalamiko.

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu uwezeshaji biashara. Je, naweza kutegemea zile orodha za kimataifa zinazopanga nchi kwa ubora? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Zitumie kama pa kuanzia, usizifanye ushahidi. Ripoti ya Benki ya Dunia iliyokuwa maarufu kuliko zote, Doing Business, ilisimamishwa Septemba 2021 baada ya kubainika kasoro katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020. Na hata kabla ya hapo, sehemu yake ya biashara ya mipakani ilitegemea majibu ya wataalamu kuhusu shehena ya kufikirika. Viashiria vya uwezeshaji biashara vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ni vizuri zaidi kwa kazi yako, kwa sababu vimegawanywa katika maeneo 11 yanayofuatana kwa karibu na ibara za mkataba, na kila eneo hupewa alama kati ya 0 na 2, hivyo unaona nchi imekwama wapi. Udhaifu wake ni kwamba vinategemea sana kilichoandikwa na kutangazwa. Chukua kiashiria kimoja, uende mpaka mmoja, ulinganishe. Sura hiyo moja itakuwa na thamani kuliko majedwali yote utakayonakili.

SWALI: Niliingiza vipuri, forodha ikakataa bei ya ankara yangu na kunipandishia thamani. Nimeambiwa nilipe au niache mzigo. Hiyo ndiyo nchi iliyo tayari? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Siwezi kuamua kama bei yako ilikuwa sahihi, lakini hayo si machaguo mawili pekee. Kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya kinakupa siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa kuomba Kamishna aupitie upya. Kamishna naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi na kutoa sababu; asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba maombi yako yamekubaliwa. Wakati shauri linaendelea unaweza kuomba mzigo utolewe kwa kulipa kodi iliyokadiriwa au kuweka dhamana. Kwa maandishi, hapa nchi yetu iko mbele ya mahitaji ya Ibara ya 4 ya Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, inayohusu haki ya kukata rufaa, na nchi nyingi hazina kifungu kikali namna hiyo dhidi ya ukimya wa ofisi. Swali la utayari ni wangapi wanaokijua, na kama maafisa wanaotoa makadirio huwaeleza wateja kwamba kipo. Kwa barua yako, wewe hukuelezwa.

Andika maombi yako kwa maneno machache, uambatanishe ankara, uthibitisho wa benki wa malipo uliyofanya na mawasiliano yako na muuzaji. Peleka mwenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Kamishna akikuandikia kutaka maelezo ya ziada, mpe haraka, kwa sababu siku zake 30 huhesabiwa tangu apokee maombi pamoja na maelezo hayo.